Permakalcha kwenye kiwanja cha ishirini kwa ishirini

Neno hili limeingia mtaani kwa kasi. Unalikuta kwenye video fupi za simu, kwenye mafunzo ya vikundi vya akina mama, kwenye mazungumzo ya vijana waliotoka kozi na cheti mkononi. Kila anayelitaja ana maana yake. Mmoja anasema permakalcha ni kilimo kisichotumia dawa. Mwingine anasema ni kupanda mchicha kwenye magunia. Wa tatu ni jirani yangu wa chini, bibi mtu mzima asiyepokea neno bila kulipima. Aliniuliza, "Mwanangu, ni kweli ukiifuata hiyo huendi tena dukani?" Mjukuu wake alikuwa amemwonyesha Wazungu waliochimba handaki wakalijaza makopo ya chakula, wakisema wanajiandaa. Siku ile nilimjibu nusunusu kwa sababu tulikuwa barabarani. Jibu kamili ni refu, na najua si yeye peke yake anayelihitaji.

Tuanze na neno lenyewe. Permakalcha ilibuniwa Tasmania, Australia, katika miaka ya 1970 na watu wawili: Bill Mollison, aliyekuwa mwalimu, na kijana mwanafunzi, David Holmgren. Kitabu chao cha kwanza kilitoka mwaka 1978. Waliunganisha maneno mawili ya Kiingereza, lile la kudumu na lile la kilimo. Baadaye sehemu ya pili ikapanuliwa ibebe pia maana ya utamaduni, maana waliona shamba haliwezi kudumu ikiwa maisha ya mwenye shamba hayadumu. Hapa kwetu wapo wanaosema kilimo cha kudumu. Kwa lugha ya kawaida ni kupanga makazi na shamba kwa kuiga jinsi msitu unavyojiendesha, ili kila kilichopo kikilishe kingine na vitu vya kununua vipungue mwaka hadi mwaka.

Neno la kushika hapo ni kupanga, na ndipo wengi wanapoichanganya na kilimo hai. Kilimo hai kinauliza umetia nini shambani: hakuna mbolea za viwandani, hakuna viuatilifu vya viwandani, na ukitaka kuuza kwa jina hilo kuna ukaguzi na cheti. Permakalcha inauliza umeweka nini wapi, na kwa nini hapo. Mtu anaweza kulima ekari 10 za mananasi ya kilimo hai, zao moja tupu, akamwagilia kwa pampu kila siku. Cheti atapata, lakini permakalcha hiyo siyo.

Kujitegemea ni neno ambalo Watanzania tumeishi nalo tangu Azimio la Arusha la 1967, na hata wakati ule halikuwa na maana ya kujifungia ndani. Anayejitegemea ni yule ambaye sehemu kubwa ya mahitaji yake ya msingi haimtegemei mtu mmoja wala njia moja. Na kujiandaa, kwa maana ninayoitumia hapa, ni kuishi kwa namna ambayo kikikatika kitu kimoja, iwe maji, umeme, mshahara au barabara, maisha ya nyumbani hayakwami.

Waanzilishi wa permakalcha waliweka misingi mitatu ya maadili: kuitunza ardhi, kuwatunza watu, na kugawana ziada. Huo wa tatu nitaurudia, kwa sababu ndio unaolijibu lile handaki la makopo.

Sasa mpangilio wenyewe unafananaje? Fikiria kanga. Kanga moja unajifunga kiunoni, unabebea mtoto, unaizungusha ikawa kata ya kubebea ndoo, unajifunika usiku, unamwekea mgeni akalie. Permakalcha inataka kila kitu uani kiwe kama kanga. Kuku wanaangaliwa kwa mayai na nyama, lakini samadi yao inaingia kwenye mboji, kucha zao zinachambua taka, na wanaokota funza na wadudu chini ya mipapai. Ukiwafungia kwenye banda lililo mbali na bustani, kazi zote hizo zinakurudia wewe na toroli lako.

Kuna upande wa pili, na huu ndio unaohusu kujiandaa moja kwa moja: kila hitaji liwe na njia zaidi ya moja. Ya kupikia, gesi ipo, jiko la mkaa sanifu lipo, na kikapu kilichojazwa matambara kipo, kile cha kufunikia sufuria ya maharage iliyokwisha kuchemka yamalizie kuiva bila moto. Mtungi ukiisha usiku, mwisho wa mwezi pesa zikiwa zimekata, watoto wanakula.

Hitaji la kwanza, hata hivyo, ni maji, na hapa nitakaa kidogo.

Mwishoni mwa 2022 Mto Ruvu ulipungua hadi Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao wa maji. Sisi wa huku Kibaha tulipanga ndoo kama wengine. Masika ya 2024 maji yaleyale tuliyoyalilia yalipita uani kwetu yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, yakauchukua udongo wa juu tulioulisha samadi miaka miwili, yakaupeleka barabarani. Mwezi Mei Kimbunga Hidaya kikafika pwani ya Tanzania. Watu husema tuna matatizo mawili, ukame na mafuriko. Ukisimama kwenye kiwanja kimoja kwa misimu kadhaa unaona ni tatizo moja: maji yanakuja na hayakai.

Hesabu yake ni nyepesi. Milimita 1 ya mvua ikianguka juu ya mita 1 ya mraba inatoa lita 1. Nyumba yenye paa la mita za mraba 60, usiku mmoja wa mvua ya milimita 20, inapokea lita 1,200. Ondoa yanayomwagika na kurukia pembeni, tuseme moja ya tano, unabakiwa na lita 960. Hizo ni ndoo 48 za lita 20, zimekuja hadi mlangoni. Simtanki la lita 1,000 linakaribia kujaa kwa usiku huo mmoja. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite, inasafisha paa vumbi na kinyesi cha ndege. Ya kunywa yachemshwe. Na mdomo wa tangi ufungwe kwa wavu mdogo usiopitisha mbu, maana mbu wa dengue anapenda sana maji safi yaliyotulia karibu na watu, na sisi wa Dar es Salaam na Pwani tunaukumbuka mlipuko wa 2019. Pipa lililo wazi linaleta ugonjwa kabla halijaleta msaada.

Lakini tangi linabeba maji kidogo sana ukilinganisha na udongo. Kazi kubwa ni kuyafanya maji yanayokimbia yatembee, yanayotembea yatulie, na yaliyotulia yazame. Kwa hilo unahitaji kujua kiwanja chako kimelalia wapi, na jicho linadanganya. Mimi niliamini kwetu maji yanaelekea lango. Yanaelekea choo.

Kifaa cha kupimia kinatengenezwa kwa fito tatu na jiwe. Chukua fito mbili za mita 2 hivi, zifunge zikutane juu na miguu itanuke. Fito ya tatu ikatize katikati, upate umbo la herufi A. Kileleni ning'iniza kamba yenye jiwe, ipite mbele ya ile fito ya kukatiza. Simamisha chini, weka alama kamba inapogusa. Halafu ukigeuze kifaa kizima, mguu wa kushoto ukae palepale ulipokuwa wa kulia, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili, chora ya tatu: kamba ikitulia hapo, miguu yote iko usawa mmoja. Basi unakitembeza, mguu mmoja unabaki, mwingine unazunguka hadi kamba itulie, unapigilia kigingi. Ukigeuka nyuma unaona mstari uliopinda kama nyoka kwenye uwanja uliodhani ni tambarare. Huo ndio mstari wa kontua. Kwenye huo unachimba mtaro, na maji yakifika hapo hayana pa kukimbilia, yanasambaa kulia na kushoto na kuzama.

Wakulima wa Machakos, Kenya, wanaotupa udongo wa mtaro huo upande wa juu wa mteremko wanaita fanya juu. Ukiutupa upande wa chini ni fanya chini. Majina hayo ya Kiswahili yameingia hadi kwenye vitabu vya kilimo vya nchi za nje, bila kutafsiriwa. Tahadhari moja: mtaro wa kuzamisha maji usiwe karibu na msingi wa nyumba wala shimo la choo, na kwenye mteremko mkali wenye udongo unaoteleza usichimbe kabisa bila mtu anayejua, maana maji mengi yaliyozama mahali pabaya yanaweza kuuangusha mlima.

Maji ya kuogea na kuoshea vyombo nayo yana kwao. Chimba shimo la duara, upana mita 2, kina kisichozidi mita 1, lijaze majani, mabua na matawi, panda migomba kuzunguka ukingo, elekeza maji humo. Migomba ni mlafi wa maji na mboji, inakula yote hayo. Dawa kali za kutoa madoa zisiingie humo. Kwetu kipindi cha mgao bustani ilikauka, lakini migomba ya bafuni ilibaki kijani, kwa sababu kuoga hatukuacha.

Baada ya maji ni udongo. Chapati ukiitoa kwenye kikaango ukaiacha wazi juu ya meza, saa moja baadaye ni ubao. Ukiifunika inabaki laini hadi jioni. Udongo ni vivyo hivyo, na kifuniko chake kinaitwa matandazo: majani makavu, nyasi, mabua, maganda. Hapa permakalcha inagongana na mazoea yetu, na lazima tuseme ukweli. Uwanja uliofagiliwa mpaka unang'aa ni heshima ya nyumba, na una sababu: nyoka anaonekana. Sikubaliani na wanaowacheka akina mama kwa hilo. Eneo la mbele ya mlango na njia za watoto liendelee kufagiliwa. Kinachofaa kuachwa ni kuchoma yale majani jioni. Yapeleke kwenye mitaro na chini ya miti, nyuma ya nyumba. Na yasiguse shina, acha nafasi ya kiganja kuzunguka. Mimi niliyarundika hadi shingoni mwa mipapai mitano nikijiona mwema, na mchwa wakaimaliza minne ndani ya msimu.

Wanaosema permakalcha ni ya Wazungu wanachanganya jina na jambo. Panda mteremko wa Kilimanjaro uingie kihamba cha Mchagga. Juu kabisa kuna miringaringa na mifuruanje inayochuja jua, chini yake migomba, chini yake kahawa, chini yake magimbi na maharage. Ng'ombe yuko zizini analetewa majani ya mgomba, samadi inarudi kwenye migomba, na mfongo, yaani mfereji wao wa asili, unashusha maji kutoka mlimani kwa zamu zinazosimamiwa na wananchi wenyewe. Kwa mpangilio huo Shimbwe Juu, eneo mojawapo la vihamba, lilitambuliwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Wamatengo wa Mbinga wana ngoro: wanafyeka nyasi kwenye mteremko, wanazilaza kwa mistari inayokatana kama nyavu, wanachimba katikati ya kila jicho na kuzifunika nyasi kwa udongo huo. Maharage na mahindi yanasimama kwenye matuta, mvua inanasa kwenye mashimo, nyasi zinaoza chini na kuwa mbolea. Hakuna aliyesubiri kitabu cha Tasmania. Mollison mwenyewe alijifunza mengi kwa kuangalia misitu na jamii za wenyeji.

Ila tusivuke mpaka tukadai kila cha wazee kilikuwa sawa. Kufyeka na kuchoma kulifaa ardhi ilipokuwa nyingi na shamba likapumzishwa miaka mingi. Ukiirudia kila mwaka kwenye ekari 2, udongo unakufa.

Jambo jingine linalowashinda wengi ni nini kikae wapi. Angalia jiko lolote: chumvi iko mkono unapofika, kinu kiko pembeni, sufuria kubwa ya shughuli iko darini. Hakuna aliyefundishwa, mguu wenyewe ulipanga. Bustani nayo ipangwe hivyo. Mchicha, matembele, nyanya, pilipili na mchaichai viwe hatua chache kutoka mlango wa jikoni, kwa kuwa vinachumwa na kuangaliwa kila siku. Kuku wafuate. Mipapai, milonge na mihogo, inayotembelewa kwa wiki, ikae ukingoni. Mboga iliyo mbali inamwagiliwa wiki ya kwanza na kusahaulika ya tatu, na mtu anasema permakalcha haifai.

Sasa swali la bibi, lile la dukani. Kiwanja cha ishirini kwa ishirini ni mita za mraba 400. Ekari moja ni zaidi kidogo ya 4,000. Kwa hiyo kiwanja chote, pamoja na nyumba, choo na njia, ni sehemu ya kumi ya ekari. Tuseme wewe ni mkulima hodari unayevuna magunia 8 ya mahindi kwa ekari. Ukibomoa nyumba ukalima kila unyayo, utapata gunia moja lisilojaa. Familia ya watu 6 italimaliza mapema. Anayekuambia utaacha kununua sembe kwa kiwanja hicho hajapiga hesabu.

Unachoweza kuacha kununua ni mboga za majani karibu mwaka mzima, papai, ndizi, limao, viungo vya chai, pilipili, mayai ya kutosha, na sehemu ya chakula cha kuku. Hizo ndizo pesa zinazotoka kila siku mia tano mia tano bila kuonekana. Ndizo pia zinazokosekana kwanza barabara zikikatika, kwa kuwa mchele unakaa gulioni wiki kadhaa ila mchicha haukai. Na uani kuna akiba isiyohitaji ghala: muhogo unasubiri ardhini miezi mingi hadi uuhitaji. Panda aina tamu. Aina chungu inataka kulowekwa na kukaushwa kwa utaratibu kamili, na wakati wa njaa ndipo watu wanapofupisha hatua na sumu ikabaki.

Nafaka basi utanunua, na ujanja ni kununua wakati wa mavuno na kuhifadhi vizuri. Hapa hatari ni mbili. Dumuzi, yule mdudu ambaye wakulima walimpa jina la Scania, anageuza gunia kuwa unga kwa miezi michache. Mifuko isiyopitisha hewa inamkosesha pumzi bila dawa yoyote, mradi isitobolewe na panya. Hatari ya pili haionekani: sumukuvu, inayotokana na ukungu kwenye nafaka iliyohifadhiwa na unyevu. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya jirani za Kenya zilipoteza watu 125 kwa mahindi yenye sumu hiyo. Kupika hakuiondoi.

Kwa hiyo kabla ya kufunga mfuko, fanya jaribio la chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia konzi ya mahindi na vijiko viwili vya chumvi kavu. Funga, tikisa dakika chache, iache itulie robo saa. Chumvi ikishika kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado yana maji, yarudishe juani juu ya turubai. Ikianguka chini yote, yamekauka. Mara ya kwanza nilipolifanya, mahindi niliyouziwa kwa kiapo kuwa ni makavu yaliipaka chupa nyeupe kama imeoshwa kwa maziwa. Yalikaa juani siku mbili zaidi.

Na lile handaki? Yule anayeficha makopo anajiandaa dhidi ya majirani zake. Mpangilio huu unakwenda kinyume, kwa sababu za kazi kabisa. Mbegu za mchicha ninazozikausha zinazidi mahitaji yangu mara mia. Papai zinaiva zote wiki moja. Jogoo bora hahitajiki mmoja kila nyumba. Wapare na Wachagga wanachimba mifereji kwa msaragambo, kazi ya pamoja, kwa sababu mfereji wa mtu mmoja haufiki popote. Ziada ikigawanywa inakuwa akiba iliyowekwa kwenye nyumba nyingi, na mwaka ambao mchwa wanakula mipapai yako, mche unarudi kutoka kwa uliyempa.

Bibi alikuja kuangalia siku tuliyopima. Alishika fito, mimi nikapigilia vigingi, mjukuu wake akasoma kamba. Kigingi cha 9 kilifika kwenye ua wa michongoma unaotenganisha viwanja vyetu, na mstari ulikuwa bado unaendelea. Akaangalia upande wake, pale ambapo masika ya 2024 maji yangu yalimwingilia jikoni, akaniambia, "Basi zunguka uje huku." Vigingi 6 vya mwisho viko uani kwake.